Kambi ya Wasichana Wakati wa Likizo: Namna Kikundi Kinavyoweza Kuiendesha

Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: je, sisi watu wa kijijini, bila mfadhili, tunaweza kuendesha kambi ya kuwafundisha wasichana wetu kujikinga na virusi vya ukimwi na kuyakabili maisha? Jibu letu ni ndiyo. Lakini si kazi ya kuingia kwa pupa. Kambi ikiendeshwa ovyo inaweza kuwaumiza wale wale tunaotaka kuwasaidia. Kwa hivyo tutaeleza kazi yenyewe ilivyo, na mahali ambapo vikundi hujikwaa.

Swali hili limekuja wakati wake. Mpango wa DREAMS, uliotangazwa mwaka wa 2014 kwa fedha za Marekani, ulikuwa ukiwakutanisha wasichana katika sehemu kama Homa Bay, Siaya, Kisumu na Nairobi. Walikuwa na mahali pa kukutana na dada wakubwa wa kuzungumza nao. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya nje, na vikundi vingi vya namna hiyo vikaachwa hivi hivi. Wale wasichana hawakuhama. Bado wako huko nyumbani, na shida zao ni zile zile.

Hata kabla ya hapo hali haikuwa ya kujivunia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Kenya wa miaka 15 hadi 64, wanawake wenye virusi walikuwa asilimia 6.6, na wanaume asilimia 3.1. Yaani wanawake walikuwa zaidi ya mara mbili. Na uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulikuta kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata mimba. Samburu walikuwa 50 katika kila 100. Homa Bay na Migori walikuwa 23. Kila mimba hapo ni ushahidi kwamba hakukuwa na kinga, na pale mimba ilipopita, virusi navyo vinaweza kupita.

Jambo la kuwatenga wasichana kwa siku kadhaa ili wafundishwe si geni kwetu. Wazee wetu walilijua. Mwaka wa 1996, huko Tharaka, akina mama wa Maendeleo ya Wanawake wakishirikiana na shirika la PATH waliitumia desturi hiyo kwa njia mpya. Wasichana walikaa ndani kwa muda wa wiki moja, wakafundishwa mambo ya utu uzima, kisha wakatoka kwa sherehe na zawadi mbele ya wazazi, bila kukeketwa. Waliiita Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Tunalitaja jambo hili kwa sababu liliwafunza wengi kwamba mafunzo hushika yakiwa na heshima ya jamii nyuma yake. Msichana akiona baba yake na mama yake wamekuja siku ya kutoka, analipa jambo hilo uzito.

Nani aje kambini

Hapa ndipo vikundi hukosea kabla hata sufuria haijawekwa motoni. Mnaandika tangazo: Kambi ya Mayatima na Wasichana Walio Hatarini. Nani atataka kuonekana akiingia hapo? Watoto wa kijiji watamwita majina mpaka amalize shule. Sisi tunashauri muiite kambi ya likizo, basi. Wachagueni kwanza wale wanaohitaji zaidi: anayelelewa na nyanya mzee, aliyeacha shule kwa kukosa karo, aliyekwisha kuzaa, anayefanya kazi ya nyumba kwa watu, anayeuza samaki ufuoni jioni. Halafu ongezeni wengine wa kawaida, hata binti ya mwalimu na binti ya mwenyekiti, ili mtu wa nje asiweze kusema huyu ameletwa kwa sababu gani.

Wasizidi 40 kwa mara ya kwanza. Kila dada mlezi awe na wasichana 8, kwa hivyo mtahitaji dada 5. Ongezeni wapishi wawili, mhudumu wa afya ya jamii mmoja, mlinzi wa usiku mmoja na msimamizi. Hao ni watu 50. Kama kila mtu atakula ugali wa unga gramu 250 jioni, mtatumia kilo 12 na nusu kila usiku, na kwa usiku nne ni kilo 50: bela mbili na pakiti moja juu yake. Mchana githeri. Chakula hiki kinaweza kutoka mashambani mwenu, debe kwa debe, kabla hamjamwomba mtu hata senti moja. Tumeona kikundi kikipoteza miezi sita kikiandika barua za kuomba pesa, na huku mahindi yamejaa ghalani!

Mahali pa kulala, madarasa ya shule wakati wa likizo yanatosha, mkipata ruhusa ya kamati. Magodoro ni ya kuazima. Angalieni choo kiwe karibu na kiwe na komeo, na taa iwepo usiku.

Kuna sheria moja ya ulinzi ambayo hatutaki mtu aipuuze. Mwanamume yeyote, awe mchungaji, awe mwalimu, awe mzee wa kanisa, asibaki peke yake na msichana ndani ya chumba, na asilale mahali walipo wasichana. Mlinzi abaki langoni. Hata dada mlezi, akitaka kuzungumza na msichana faraghani, waketi chini ya mti mahali wanapoonekana lakini hawasikiki. Wengine watalalamika kwamba hamuwaamini wazee. Waambieni sheria ni ya kila mtu. Anayekasirishwa sana na sheria hii, huyo ndiye wa kuangaliwa.

Kuhusu virusi, semeni ukweli wa leo

Sisi tuliokuwa watu wazima miaka ya tisini tulifundishwa ukimwi kwa picha za mifupa na majeneza. Mwaka wa 1999 Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la taifa, tulikuwa tukizika kila wiki, na maneno yetu yalikuwa ya kutisha kwa sababu hali ilikuwa ya kutisha. Lakini walimu wengi wamebaki huko huko. Wanasimama mbele ya wasichana na kusema, ukiupata umekwisha.

Sasa fikirini hivi. Kati ya wasichana hao 40, huenda yumo mmoja au wawili waliozaliwa na virusi. Hawakufanya lolote. Walivipata kwa mama, tumboni au wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa, na tangu utotoni wanameza dawa. Hawajamwambia mtu, na hawalazimiki kumwambia mtu. Wanaposikia mwalimu akisema wenye ukimwi ni malaya na watakufa, wanajifunza nini? Wanajifunza kuzificha dawa. Na kambini, mahali ambapo wamelala kumi katika chumba kimoja, msichana anaona afadhali asimeze dawa siku tano kuliko kuonekana. Hapo kambi imemletea ugonjwa badala ya kinga.

Kwa hivyo, kabla ya siku ya kwanza, dada mlezi azungumze na kila mzazi au mlezi wa nyumbani kwa faragha, aulize kama mtoto anatumia dawa yoyote. Ya pumu, ya kifafa, yoyote. Kisha mhudumu wa afya atenge saa moja jioni ambapo kila msichana anaweza kuja kwake peke yake, mwenye dawa na asiye na dawa, hata kwa kuombea tu tembe ya kichwa. Wote wakija, hakuna anayejulikana.

Na mafunzo yenyewe yaseme hivi. Virusi hupita kwa kufanya mapenzi bila kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Havipiti kwa kula sahani moja, kwa choo, kwa mbu wala kwa kukumbatiana. Mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku anaweza kuishi mpaka awe nyanya mwenye wajukuu. Dawa zikivishusha virusi mpaka visionekane kwa kipimo, na zikiendelea kumezwa, hawezi kumwambukiza mwenzake kwa kufanya mapenzi. Mama mwenye virusi akihudhuria kliniki na kumeza dawa anaweza kuzaa mtoto asiye navyo. Kuna pia tembe za kumkinga mtu asiye na virusi, ambazo Kenya ilianza kuzitoa rasmi mwaka wa 2017. Na aliyepimwa leo baada ya hatari ya juzi asiridhike na jibu moja, kwa kuwa kipimo cha kawaida huweza kuchukua hadi miezi mitatu kabla ya kuonyesha. Arudie.

Msifanye kambi kuwa mahali pa kupima kwa nguvu. Sheria ya ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na matokeo ni siri yake. Atakayetaka, mhudumu ampeleke zahanati siku nyingine.

Suala la kondomu

Hapa ndipo sisi watu wa kanisa huvutana. Wako wanaosema tusiitaje, tuwafundishe kungoja tu. Sisi pia tunawafundisha kungoja, na hatuoni haya kusema hivyo. Lakini kuna utafiti uliofanywa Magharibi mwa Kenya ambao kila kamati ingefaa kuujua. Kuanzia mwaka wa 2003 walimu wa shule nyingi za msingi walipewa mafunzo ya kufundisha somo la ukimwi la serikali, lililosisitiza kungoja mpaka ndoa. Mimba za wasichana hazikupungua. Mwaka wa 2004, katika shule 71, mtu alikuja kwa kipindi kimoja tu na kuwaeleza wasichana jambo moja la wazi: wanaume wakubwa wenye pesa wana virusi kwa wingi kuliko wavulana wa umri wenu. Mtafiti, Pascaline Dupas, alikuta baadaye kwamba mimba zilipungua kwa asilimia 28 katika shule hizo, na zile zilizopungua hasa zilikuwa za wanaume wakubwa.

Tunalotoa hapo ni hili: msichana akipewa habari kamili anaweza kuitumia. Anachoambiwa bila sababu hakimkai. Na mkumbuke hawa wa kambi yetu si wote wanaoweza kungoja. Mmoja ameshaolewa na ana mtoto. Mwingine hajaulizwa kamwe kama anataka. Kwa hivyo wakiuliza juu ya kondomu, na watauliza, mhudumu wa afya ajibu kwa maneno ya kawaida: inazuia nini, inashindwa lini, inapatikana wapi. Mchungaji asiyeweza kulisikia jambo hilo anaweza kwenda kunywa chai saa hiyo. Tumeona ikifanyika hivyo, na urafiki haukuvunjika.

Wekeni sanduku la maswali mlangoni. Karatasi bila jina. Kila msichana aandike kitu kila siku, hata kama ni salamu, ili asijulikane nani ameuliza. Maswali mtakayoyakuta humo yatawafunza ninyi kuliko mtakavyowafunza wao.

Mambo ya pesa, samaki na boda boda

Msichana wetu hashawishiwi na maneno matamu peke yake. Anashawishiwa na pedi, na mafuta ya kujipaka, na nauli, na chipsi, na simu. Kando ya Ziwa Victoria kuna mambo ya jaboya, ambapo mwanamke hapati samaki wa kuuza mpaka amkubali mvuvi. Mjini wanamwita sponsa. Jina lolote, bei ni ile ile. Ndiyo maana mafunzo ya maisha yasiyogusa pesa ni maneno matupu.

Anzeni na hedhi. Sheria ya mwaka wa 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma pedi bure, lakini mnajua wenyewe kama zinafika kwenu, na likizo hakuna shule. Alasiri moja ya kambi, fundi wa kushona wa kikundi awafundishe kutengeneza za kitambaa: pamba nje, vipande vya flaneli ndani, kifungo cha kushikia. Zioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabisa, si kufichwa chini ya godoro penye unyevu. Msichana mmoja akitoka na nne zake, kuna mtu mmoja aliyepoteza njia ya kumnasa.

Kisha wafanye maigizo. Si hotuba. Mama mmoja mcheshi awe mwenye boda boda:

"Dada, panda nikufikishe. Leo ni bure."
"Asante, natembea."
"Kwani unaniogopa?"
"Sijasema naogopa. Nimesema natembea."

Watacheka, na wacheke. Lakini kila mmoja alisimame alijibu yeye mwenyewe, kwa sauti, mpaka maneno yazoee mdomo. Wengi wao hawajawahi kumkatalia mtu mzima jambo lolote, kwa kuwa sisi tumewalea kuitikia ndiyo baba, ndiyo mjomba. Mnapowafundisha kusema hapana mtaona wazazi fulani wakikunja uso. Zungumzeni na wazazi siku ya kufungua, muwaeleze kwamba heshima na woga ni vitu viwili.

Akiba nayo ni somo. Kila kundi la wasichana 8 lianze mchango mdogo wa kupeana kwa zamu, kama mama zao wanavyofanya. Kikundi kimoja tunachokijua kilimpa kila msichana kuku jike mmoja, naye akarudisha vifaranga wawili kwa ajili ya kambi iliyofuata.

Kama msichana atasema ameguswa

Jitayarisheni, kwa sababu litatokea. Siku ya tatu hivi, wakishazoea, mmoja atamwambia dada mlezi jambo lililompata nyumbani. Dada asiahidi kutosema kwa mtu yeyote. Aseme: nitamwambia tu anayeweza kukusaidia, na nitakuwa nawe.

Kama ni juzi, kwanza ni hospitali, polisi baadaye. Asioge. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Humezwa kwa siku 28. Kuna pia za kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Matibabu haya ni bure katika hospitali za umma. Daktari ajaze fomu, na fomu ya P3 itolewe polisi. Simu ya watoto ni 116 na ya dhuluma za kijinsia ni 1195, zote hazilipiwi.

Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka wa 2006 haina nafasi ya kusema mtoto alikubali. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kifungo ni cha maisha kama mtoto ana miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 kama ana 12 hadi 15, na kisichopungua 15 kama ana 16 au 17. Lakini mnajua yanayotendeka. Wazee hukaa chini ya mwembe, mbuzi wawili hutolewa, na mambo hufungwa. Msichana anarudi kulala nyumba ile ile. Tumeliona hili zaidi ya mara moja, na walioketi hapo walikuwa watu wa kuheshimiwa. Kikundi chenu kiamue kabla ya kambi, kwenye mkutano, na kuandikwa kwenye kitabu, kwamba hakuna mwanachama atakayeketi katika mapatano ya namna hiyo. Mkingoja mpaka kesi iwe ya mtoto wa jirani yenu, hamtaweza.

Na yule aliyekwisha kupata mimba mwambieni shule bado ni yake. Tangu mwaka wa 1994 sera ya serikali inamruhusu kurudi, na mwongozo wa mwaka wa 2020 unaeleza namna. Mwalimu mkuu akikataa, afisa wa elimu yupo.

Baada ya kambi

Siku ya kutoka alikeni wazazi, chifu, kwaya, na mpike vizuri. Msipige picha za nyuso za wasichana mkazisambaza kwenye simu.

Halafu kazi ndiyo inaanza. Siku tano haziwezi kushindana na miezi kumi na miwili. Kila dada mlezi akutane na wanane wake mara moja kwa mwezi, Jumamosi alasiri, kwa saa mbili tu, wahesabu akiba na wazungumze. Aandike nani hakuja, na aende nyumbani kwake kabla ya Jumatano. Mara nyingi atamkuta anachota maji au anamwangalia mtoto wa shangazi, na mambo ni sawa. Pengine ataambiwa ameenda Nairobi kukaa na jamaa. Hapo aulize ni jamaa gani, anakaa mtaa gani, na namba yake ya simu ni ipi. Na akikosa majibu, asirudi nyumbani kwanza, apite kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo.